Kutoka Sagana Hadi Ngomeni: Galaksi Ziliongezaje Uzito?

Leo tuache kidogo mambo ya simu, seva na programu, tuongee juu ya kitu kikubwa zaidi: galaksi. Usikimbie, hakuna hesabu ngumu hapa, na kabla hatujamaliza utaona kwamba sisi waandishi wa programu tuna kazi yetu humu ndani.

Swali ni hili. Galaksi zilizaliwa zikiwa nzito kama zilivyo leo, au zilikua pole pole? Na kama zilikua, tumejuaje? Miaka bilioni 10 iliyopita hakukuwa na mtu wa kushuhudia, wala Dunia yenyewe haikuwepo.

Jibu fupi: zilikua, na ushahidi upo. Jibu refu ni historia ya karibu miaka 100, na ukurasa wake mmoja muhimu uliandikwa hapa Kenya, baharini kaskazini mwa Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Mimi nilimaliza shule na shahada ya kompyuta bila kuisikia habari hiyo darasani. Nikiwauliza marafiki wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, wengi nao hawaijui. Basi tuisimulie.

Kwanza, mito yetu

Tuanze na kitu tunachokijua. Chania inapita Nyeri mjini ikitoka Aberdare. Gura nayo inatoka Aberdare. Ragati inateremka kutoka Mlima Kenya. Kila mmoja peke yake ni mto mdogo. Lakini maji yake huishia Sagana, Sagana inakuwa Tana, na baada ya safari ya karibu kilomita 1,000 Tana inamwaga maji yake Bahari ya Hindi pale Kipini. Ukiichora kwenye karatasi unapata mti uliolazwa: matawi mengi membamba yakiingia kwenye shina moja nene. Wewe unayetumia Git umeshauona mchoro wa namna hiyo, matawi ya msimbo yakiunganishwa moja baada ya jingine mpaka kwenye tawi kuu.

Wanaastronomia wana mchoro kama huo wa galaksi, nao wanauita mti wa miungano. Galaksi kubwa ya leo ni kama Tana pale Garissa. Ukirudi nyuma katika wakati, ni kama kupanda mto kuelekea Nyeri: unakuta vijito, kisha vijito vya vijito.

Neno moja kabla ya kuendelea. Nikisema masi nina maana ya kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Kwa mazungumzo ya kawaida tunasema uzito, na nitatumia maneno yote mawili. Kipimo chetu ni Jua. Njia Nyeupe, galaksi tunamoishi, ina nyota ambazo kwa pamoja zina masi ya Majua bilioni 50 hivi. Ukijumlisha na vile visivyoonekana, unakaribia Majua trilioni 1.

Visivyoonekana ni vipi hivyo? Hapo ndipo historia inapoanzia.

Galaksi haina mizani

Hadi miaka ya 1920 wataalamu walikuwa wakibishana kama kuna galaksi nyingine yoyote zaidi ya yetu. Edwin Hubble alimaliza ubishi huo. Matokeo yake yaliyotangazwa mwaka 1925 yalionyesha kwamba Andromeda iko mbali mno kuwa sehemu ya Njia Nyeupe. Mwaka 1929 akaonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Ulimwengu unatanuka.

Sasa, utapimaje masi ya kitu ambacho huwezi kukiweka kwenye mizani? Chukua jiwe, lifunge kwa kamba, lizungushe. Ukiongeza kasi, unahitaji kamba yenye nguvu zaidi, la sivyo jiwe linaruka. Angani kamba ni mvutano, na mvutano unatokana na masi. Kwa hiyo ukijua kasi ya vitu vinavyozunguka, unajua ni masi kiasi gani inayovishikilia.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, alitumia mbinu hiyo kwenye kundi la galaksi liitwalo Coma. Akakuta galaksi zinakimbia kwa kasi kubwa mno. Masi ya nyota zote zinazoonekana isingetosha hata kidogo kuzizuia zisitawanyike. Akasema lazima kuna maada ya giza. Wengi hawakulitilia maanani jambo hilo kwa miaka mingi.

Kisha mwaka 1941 kikatokea kisa ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Erik Holmberg wa Sweden alitaka kujua nini hutokea galaksi mbili zikipitana karibu. Kompyuta hazikuwepo. Alichofanya ni kupanga balbu 74 mezani, 37 kwa kila galaksi. Mwanga wa balbu hupungua kwa umbali kwa kanuni ile ile ya mvutano: ukiongeza umbali mara 2, nguvu inapungua mara 4. Kwa hiyo alipima mwanga unaofika kwenye kila balbu, akausoma kana kwamba ni mvutano, akazisogeza balbu kidogo, akapima tena. Hatua kwa hatua. Jamani, huo ni mzunguko wa programu, umeandikwa kwa balbu! Alionyesha kwamba galaksi zikikaribiana zinavutana, zinaharibu maumbo yake na zinaweza kunasana.

Kwa hiyo kufikia mwaka 1970 mezani kulikuwa na mafumbo mawili. Moja, kuna uzito mwingi usioonekana. Pili, huenda galaksi huungana. Mwaka huo huo Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya Andromeda: nyota na gesi za pembeni zinazunguka kwa kasi karibu sawa na zilizo ndani zaidi, wakati zilitakiwa kupunguza mwendo. Fumbo la Zwicky likarudi, safari hii ndani ya galaksi moja.

Siku ya Jamhuri, 1970

Sasa tuje nyumbani. Tana inamwaga maji kwenye Ghuba ya Ungwana, upande wa kaskazini. Upande wa kusini wa ghuba hiyo hiyo kuna Ngomeni, na mbele ya Ngomeni, ndani ya bahari, Waitaliano chini ya Luigi Broglio walisimamisha majukwaa mawili ya chuma yenye miguu: San Marco na Santa Rita. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti 9 ziliruka kutoka pale.

Kwa nini pale? Kwa sababu ya ikweta. Dunia inapozunguka, mtu aliye karibu na ikweta anabebwa mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Wewe uliyekaa Nanyuki ukisoma hapa unabebwa kwa kasi hiyo sasa hivi. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki inaipata kasi hiyo bure. Zaidi ya hapo, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya mionzi iliyoko juu ya Atlantiki ya kusini, ambayo huvuruga vipimo.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Marekani aina ya Scout iliondoka San Marco ikiwa na setilaiti ndogo ya kilo 140 hivi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta eksirei kutoka angani tu. Eksirei hazipenyi hewa ya Dunia, kwa hiyo bila kupanda juu ya hewa huwezi kuzipokea. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na Marjorie Townsend wa NASA, aliyesimamia mradi, akaipa setilaiti jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Mpaka leo vitabu vya astronomia kote duniani vinaandika neno hilo la Kiswahili.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Wengi huitaja kwa sababu ya Cygnus X-1, ambayo baadaye ilikubalika kuwa shimo jeusi. Lakini kwa mada yetu ya leo kuna jambo kubwa zaidi. Uhuru ilipotazama makundi ya galaksi kama Coma na Perseus, iliona eksirei zikitoka eneo pana sana, hata kwenye nafasi kati ya galaksi, pale ambapo darubini za kawaida zilionyesha giza tupu.

Kulikuwa na nini pale? Wengine walisema ni gesi ya moto ajabu. Wengine walikuwa na maelezo tofauti. Ubishi huo ulimalizwa na setilaiti nyingine, Ariel 5 ya Uingereza. Nayo ilirushwa kutoka wapi? San Marco, tarehe 15 Oktoba 1974! Mwaka 1976 wanasayansi walitangaza kwamba ndani ya eksirei za kundi la Perseus, Ariel 5 imekuta alama ya chuma. Atomi za chuma hutoa alama ya namna ile zikiwa ndani ya gesi yenye joto la mamilioni mengi ya digrii. Basi ni gesi. Na chuma hutengenezwa ndani ya nyota na katika milipuko yake, kwa hiyo sehemu ya gesi ile iliwahi kupita ndani ya nyota ikatupwa nje.

Ona sasa kilichopatikana. Gesi ya moto hutaka kutawanyika. Ikiwa bado ipo, kuna masi inayoishikilia, na joto lake linakuambia ni masi kiasi gani. Ni mizani mpya kabisa, na ilikubaliana na Zwicky. Kwa vipimo vya leo, katika kundi kubwa la galaksi, maada ya giza ni zaidi ya asilimia 80 ya masi yote. Gesi ya moto inachukua sehemu kubwa ya kilichobaki. Nyota zote, yaani kila kitu kinachong'aa kwenye picha nzuri tunazoweka kwenye skrini zetu, ni asilimia chache tu.

Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza timu ya Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kutoka balbu hadi kompyuta kubwa

Wakati Uhuru iko angani, mwaka 1972, ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, walirudia wazo la Holmberg kwa kompyuta. Programu yao ilitoa mikia na madaraja ya nyota yanayofanana kabisa na galaksi za ajabu zilizokuwa zimepigwa picha. Kuungana kukaacha kuwa dhana tu.

Mwaka 1978 Simon White na Martin Rees waliunganisha vipande. Kwanza maada ya giza inajikusanya katika mafungu, mafungu madogo yanaungana kuwa makubwa. Gesi inaanguka ndani yake, inapoa, inakuwa nyota. Kwa hiyo galaksi hunenepa kwa njia mbili: kumeza galaksi nyingine, na kunywa gesi. Mito na mvua, ukipenda.

Lakini nadharia inataka ushahidi wa macho. Bahati nzuri ulimwengu unatunza logi. Mwanga huchukua muda kusafiri, kwa hiyo galaksi ya mbali unaiona ilivyokuwa zamani. Ukitazama karibu unasoma mistari ya juzi, ukitazama mbali unasoma mistari ya mwanzo wa faili. Desemba 1995 darubini ya anga ya Hubble ilikodolea macho kipande kidogo cha anga kwa siku 10 mfululizo. Picha ile ilikuwa na galaksi karibu 3,000, na zile za mbali zaidi zilikuwa ndogo, zenye maumbo ya hovyo hovyo. Vijito vya juu mlimani, ndivyo vile.

Kwa tafiti nyingi zilizofuata, picha imekuwa hivi. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Kasi ya kutengeneza nyota ilipanda, ikafika kilele miaka bilioni 10 hivi iliyopita, ikiwa kama mara 10 ya kasi ya leo, kisha ikashuka. Karibu nusu ya nyota zilizopo leo zilikuwa zimeshatengenezwa miaka bilioni 9 hivi iliyopita. Na jambo la kushangaza: galaksi nzito kabisa ndizo zilizoacha kutengeneza nyota mapema, wakati ndogo zinaendelea hadi leo. Sababu mojawapo iko kwenye ile gesi ya Uhuru. Katikati ya makundi makubwa, mashimo meusi hutoa nishati inayoifanya gesi ibaki ya moto, na gesi ya moto haiwezi kujikusanya ikawa nyota. Uzito upo, lakini umezuiwa kuwa nyota.

Mwaka 2005 likaja tukio la kumfurahisha mwandishi yeyote wa programu. Katika Simulesheni ya Millennium, kompyuta kubwa ya Garching, Ujerumani, ilifuatilia chembe bilioni 10 kwa zaidi ya mwezi mzima na kutoa data ya terabaiti 25 hivi. Matokeo yake yalipangwa kama miti ya miungano ndani ya hifadhidata, na ukitaka kumjua babu wa galaksi fulani unaandika ombi la SQL. Na GADGET-2, toleo la wazi la programu ya aina iliyotumika, lilitolewa na msimbo wake kwa leseni ya GPL.

Mti ulipotikiswa

Usidhani kazi imekwisha. Darubini ya James Webb ilirushwa Desemba 2021, na mwaka 2023 timu moja ilitangaza galaksi zilizoonekana kuwa nzito mno kwa umri wake: baadhi zikiwa na masi ya mabilioni mengi ya Majua, wakati ulimwengu ulikuwa na miaka milioni 500 hadi 700 tu. Ni kama kukuta Tana nzima inatiririka pale chemchemi ya Chania inapotokea. Wengine walianza kusema nadharia yote imeanguka.

Tafiti za mwaka 2024 zilituliza mambo. Sehemu ya mwanga katika baadhi ya galaksi hizo ilitokana na gesi inayoanguka kwenye mashimo meusi, wala si nyota, kwa hiyo masi ilikuwa imekadiriwa kupita kiasi. Kila anayetafuta hitilafu kwenye programu anaijua kanuni hii: kabla ya kubomoa mfumo mzima, kagua kipimo chako. Hata hivyo galaksi angavu za mapema bado ni nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2024 ilithibitishwa galaksi moja iliyokuwepo miaka milioni 290 tu baada ya mwanzo. Swali bado liko wazi.

Tunaloweza kuliona kutoka hapa

Sisi wa miji ya Mlima Kenya tuna bahati nyingine. Nanyuki iko kwenye ikweta, Nyeri karibu kabisa. Desemba, saa 4 za usiku, mwezi ukiwa haupo na mawingu yakikubali, toka mbali na taa. Kaskazini utaona wingu dogo hafifu: Andromeda, mwanga wa miaka milioni 2.5 iliyopita. Kisha geuka kusini, mahali palipo wazi, chini karibu na vilima, utafute Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo. Mtu wa London hawezi kuyaona hata siku moja.

Lile kubwa la Magellan linakadiriwa kumezwa na Njia Nyeupe baada ya miaka bilioni kadhaa. Andromeda pia inatukaribia. Zamani ilisemwa kwamba kugongana nayo ni lazima, lakini utafiti wa mwaka 2025 unasema uwezekano ni kama nusu kwa nusu katika miaka bilioni 10 ijayo. Njia Nyeupe yenyewe imeshakula. Mwaka 2018 data ya setilaiti ya Gaia ilionyesha mabaki ya galaksi iliyomezwa miaka bilioni 10 hivi iliyopita, na nyota zake bado zinazunguka humu na mwendo wa ugenini.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Mwaka 1970 sisi tulitoa bahari, ikweta na jina. Roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Italia, na data ikaenda kuchambuliwa Massachusetts. Mwanafunzi wa Nyeri wa siku zile, hata awe na akili namna gani, asingeweza kuigusa. Hali hiyo imebadilika. Data ya Sloan, ya Hubble, ya Webb na ya Gaia iko wazi kwenye mtandao. Tangu Julai 2007 mradi wa Galaxy Zoo unawaruhusu watu wa kawaida kuainisha galaksi kwa macho yao. Msimbo upo, bure. Jaribio la Holmberg la balbu 74 ni jozi 2,701 za mvutano kwa kila hatua, kazi ambayo kompyuta ndogo ya mitumba inaimaliza kabla hujapepesa jicho.

Kwa hiyo kijana wa Dedan Kimathi au wa Chuo Kikuu cha Karatina anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho, badala ya kuandika mfumo mwingine wa kusimamia duka la dawa, anaweza kujenga mti wa miungano wa galaksi. Jina letu limo katika historia hii tangu 1970. Kilichobaki ni kazi yetu kuwemo pia.

Siku nyingine, Mungu akipenda, nitaweka hapa programu fupi ya balbu za Holmberg tuichambue mstari kwa mstari. Mwenye swali, nyongeza au ubishi, aandike hapo chini. Kwaherini kwa leo.